S.L.P. niandike nini? Anwani ya barua kwa asiye na makazi ya kudumu, Mbeya na Iringa

Fomu nyingi zinazopita kwenye meza yangu ya steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, zinaenda vizuri hadi mstari wa nne au wa tano. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, simu. Halafu kalamu inasimama. "S.L.P. niandike nini, dada?"

Anayeuliza mara nyingi ni mtu asiye na nyumba anayoweza kusema nitakuwepo hapa mwakani. Kijana anayepanda na kushuka machimbo ya Chunya. Mama aliyehamia Ubaruku kwa msimu wa mpunga na hajui akitoka shambani atakwenda wapi. Mwanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, aliyebadilisha chumba mara tatu tangu aripoti mwaka wa kwanza. Kibarua wa mbao anayelala kambini huko Mufindi. Mwaka jana alikuja mjane aliyekuwa ametolewa kwenye nyumba ya marehemu mumewe, analala kwa wifi yake Ilomba, na mkononi ana barua ya mirathi inayomtaka ajaze anwani yake. Huyo nilikaa naye saa nzima, na ndiye aliyenifanya niyaandike haya.

Wengine huniambia, "Andika yoyote tu, hawaangalii." Wanaangalia. Barua ikitumwa huko ulikoandika "yoyote", anayeikosa ni wewe, na mara nyingi unakuja kugundua wakati tarehe imeshapita.

Kabla ya kulinganisha njia moja na nyingine, tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni mahali barua itakapokufikia. La pili ni nani atakayethibitisha kwamba unaishi hapa. Sanduku la posta linajibu la kwanza tu: ufunguo wa sanduku haumwambii afisa yeyote unalala wapi. Barua ya mtendaji wa mtaa inajibu la pili tu: haina mlango wa kudumbukizia bahasha. Mtu asiye na makazi ya kudumu anahitaji yote mawili, na si lazima yatoke sehemu moja.

Sanduku la kuazima

Hii ndiyo njia ya watu wengi, na naielewa. Unaandika jina lako, chini yake unaweka sanduku la parokia, la usharika, la shule, la tajiri wako au la duka la mjomba. Hulipi kitu, hujazi fomu, unaanza kuitumia leo hii. Nchi yetu imezoea hivyo, kwa sababu barua zetu toka zamani zinaishia kwenye masanduku ya posta na si kwenye mlango wa nyumba, na sanduku moja la shule limelisha kijiji kizima habari za watoto walio mbali.

Mimi mwenyewe nimelitumia. Nilipohama Mafinga kuja Mbeya niliandika sanduku la shule moja ya sekondari nilikokuwa nafahamiana na walimu. Nikaomba kazi ofisi fulani. Barua ya kuitwa kwenye usaili ilifika, tena ilifika mapema. Aliyekwenda posta siku hiyo aliichukua na nyingine zote, akaziweka kwenye mkoba wa ngozi wa ofisini, shule ikafungwa. Niliipata siku kumi na sita baada ya usaili. Bahasha ilikuwa imekunjwa katikati, kona moja ina alama ya chai, jina langu limeandikwa kwa mashine vizuri kabisa. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Sanduku lilikuwa la shule, na shule ikifunga, sanduku nalo linafunga.

Kwa hiyo udhaifu wake si uaminifu wa watu. Ni kwamba barua yako inafuata ratiba ya mtu mwingine. Paroko anahamishwa. Tajiri mnagombana. Barua ya rejista ikija, kinachowekwa sandukuni ni kijikaratasi tu cha kukuita kaunta na kitambulisho, na kijikaratasi chenyewe ni kidogo, kinapotea kirahisi kuliko bahasha. Tena kuna mambo ambayo hupendi mwenye sanduku ayajue: majibu ya hospitali, barua ya mahakama, deni.

Ukilazimika kuliazima, fanya mawili. Mwombe mwenye sanduku kwa mdomo wako, usiandike kwa kudhani atakubali. Kisha mjue kwa jina na kwa simu yule anayekwenda posta hasa, maana mara nyingi ni mhudumu wa ofisi na si bosi. Kwa barua za salamu, kadi za harusi na kalenda za kanisa, linatosha kabisa. Kwa barua yenye tarehe ya mwisho ndani yake, mimi silipendekezi tena kwa mtu.

Sanduku lako mwenyewe

Watu wengi hudhani sanduku la posta ni la kampuni na wenye nyumba. Si kweli. Shirika la Posta, ambalo wazee bado wanaliita Posta na Simu ingawa yalitenganishwa tangu 1994, linakodisha sanduku kwa mtu binafsi. Unakwenda na kitambulisho, unajaza fomu, unalipa ada ya mwaka, unapewa namba na ufunguo. Huhitaji hati ya nyumba. Ada ya mtu binafsi si sawa na ya kampuni, kwa hiyo sema mapema kwamba ni lako wewe, na upewe stakabadhi.

Uzuri wake mkubwa kwa anayehamahama ni huu: namba haihami. Ukitoka Soweto ukaenda Iyunga, ukatoka Iyunga ukaenda kwa ndugu Uyole, sanduku liko palepale mjini. Barua uliyoandikiwa leo na ofisi ya Dodoma itaingia mlango uleule itakaoingia ile ya mwakani. Na hakuna anayejua kwamba huna nyumba. Hilo la mwisho watu hawalisemi kwa sauti, lakini naliona usoni mwao.

Ubaya upo pia. Lazima uende mwenyewe. Kutoka Mwanjelwa kwenda posta ya mjini ni nauli ya daladala kwenda na kurudi, na kwa aliye Ubaruku au Makongolosi ni safari ya siku nzima. Ukienda ukakuta sanduku tupu mara nne mfululizo unakata tamaa, mara ya tano huendi, na hiyo ya tano ndiyo ilikuwa na barua. Ada ikikatika, sanduku linafungwa, baadaye linapewa mtu mwingine, na barua zako zinaanza kuingia kwa mgeni. Nimemwona mteja akiendelea kuandika kwenye wasifu wake sanduku ambalo hajalilipia miaka mingi. Anaamini bado ni lake kwa sababu ufunguo bado anao.

Kwa hiyo sanduku lako mwenyewe linamfaa anayezunguka ndani ya mji mmoja na viunga vyake. Mwanafunzi wa miaka mitatu au minne, mmachinga wa Mwanjelwa au wa Mlandege pale Iringa, fundi anayepanga chumba hiki na kile. Wawili au watatu wanaoaminiana wanaweza kuchangia ada, mradi mmoja tu awe ndiye mwenye fomu na wote wajue ni nani.

Namba ya simu kuwa sanduku

Shirika la Posta lina huduma iitwayo Posta Kiganjani. Badala ya kijumba cha chuma chenye kufuli, namba yako ya simu ndiyo inayosimama mahali pa sanduku. Barua au kifurushi kikifika unaletewa ujumbe kwenye simu, nawe unajua sasa kuna kitu cha kufuata. Nayo ina ada yake ya mwaka.

Kwa mtu asiye na makazi ya kudumu, kwa maoni yangu, hii ndiyo inayokaribia mahitaji yake kuliko nyingine, kwa sababu moja tu: inaondoa zile safari za kwenda kuchungulia sanduku tupu. Mama wa Ubaruku hana haja ya kupanda gari kuja mjini kubahatisha. Anakuja siku ambayo ujumbe umeingia.

Lakini iangalie vizuri. Anwani yako sasa imefungwa kwenye laini. Laini yenyewe imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo iwe imesajiliwa kwa jina lako, si ile uliyopewa na kaka yako. Vijana wa machimboni hubadilisha laini kama soksi, kila mtandao wenye vifurushi vya bei nafuu mwezi huo ndio wao. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine. Ukiipoteza simu, kairudishe namba yako upya kwa wakala kabla ya kununua nyingine. Ukishindwa kutunza namba moja, usiifanye anwani.

Jambo lingine dogo lakini linasumbua: nimekutana na fomu za karatasi zenye vijichumba vinne au vitano tu vya namba ya sanduku. Namba ya simu ina tarakimu kumi. Siku unayojisajili, mwombe mhudumu wa kaunta akuandikie kwa mkono wake jinsi anwani yako inavyopaswa kusomeka, na ukitunze kile kikaratasi pamoja na kitambulisho. Mimi nikiletewa na mteja, naandika hivyohivyo kilivyo, hata kama inabidi nitoke nje ya vijichumba.

Barua ya kungoja kaunta

Hii nitaigusa tu. Kuna barua zinazoandikwa jina la mtu, maneno Poste Restante, na jina la posta anakotaka kuichukulia, zikamngoja hapo mpaka aje na kitambulisho. Ni utaratibu wa posta za dunia nzima, ndiyo maana jina lake limebaki la Kifaransa. Unamfaa anayepita: dereva wa malori wa njia ya Tunduma, mgeni wa miezi miwili. Haukai milele, asipotokea mwenyewe barua inarudishwa ilikotoka. Kaongee na kaunta kwanza kabla ya kumwambia mtu akutumie hivyo, na usiandike kwenye fomu ya serikali.

Kibao cha nyumba na barua ya mtaa

Hapa tunaingia kwenye lile swali la pili, na hapa ndipo ugumu ulipo.

Tarehe 8 Februari 2022 Rais Samia alizindua Dodoma operesheni ya anwani za makazi, na nchi nzima ikakimbizana kuweka namba za nyumba na majina ya barabara kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti mwaka huohuo. Ndiyo vile vibao unavyoviona. Anwani kamili ya makazi ina namba ya nyumba, jina la barabara au njia, na postikodi ya kata. Postikodi ina tarakimu tano: ya kwanza ni kanda, na kanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini ni 5. Mbili za mwanzo ndizo mkoa: Iringa 51, Mbeya 53, Songwe 54, Njombe 59. Zinazofuata zinashuka hadi wilaya na kata. Mteja akiniambia anaishi Mbeya halafu akanipa postikodi inayoanza na 51, najua amenakili kwa rafiki yake wa Kihesa.

Mpangaji ana haki ya kuitumia anwani hiyo. Nyumba si yake, lakini makazi ni yake kwa wakati huo. Chukua namba kwenye kibao, uliza jina la njia, andika. Ila utambue inafaa mstari wa "makazi ya sasa", na siku ukihama imebaki kwa mwenye nyumba. Usiiandike mahali pa anwani ya barua kwa matumaini kwamba mwenye nyumba wa zamani atakutafuta.

Uthibitisho wenyewe ni barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, yenye picha yako na muhuri umekanyaga nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Benki huiomba, NIDA huiomba, waajiri huiomba. Mjini unaipata kwa mtendaji au mwenyekiti wa mtaa. Kijijini kwa mtendaji wa kijiji, na mwenyekiti wa kitongoji ndiye anayekujua kwa sura. Aliye kambini Mufindi asifikiri yuko nje ya utaratibu: kambi ipo ndani ya ardhi ya kijiji fulani, na kijiji hicho kina ofisi.

Ugumu ni kwamba barua hii inasimama juu ya watu. Mtendaji anauliza, "Nani anakufahamu hapa?" Kama umefika wiki iliyopita na hujajiandikisha, anayekufahamu hayupo. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu wajitambulishe siku za mwanzo, kabla ya shida. Nenda kwa mjumbe wako au ofisi ya mtaa ukiwa huna la kuomba. Ukiwa Iringa anza na salamu ya kamwene, ukiwa Rungwe ugonile, kisha sema jina lako, ulikotoka, kwa nani umefikia, unafanya kazi gani, uandikwe kwenye daftari la wakazi. Siku ukirudi na fomu, wewe si mgeni tena. Ukidaiwa malipo, omba namba ya malipo ya serikali na stakabadhi.

Kuna sababu nyingine ambayo yule mjane ndiye aliyenifundisha. Karatasi nyingine hazipiti posta kabisa. Wito wa mahakama mara nyingi huja kwa mkono, na anayeleta huanzia kwa mtendaji au mwenyekiti kuuliza, "Fulani yuko wapi?" Mtaa wa zamani ulimjua, lakini ulikuwa umejaa ndugu wa mume. Mtaa mpya haukuwa umemsikia. Angeweza kulipia masanduku kumi na bado shauri likaendelea bila yeye.

Na kutumiwa kwa basi je?

Watu wa Nyanda za Juu tunatumiana vitu kwa basi kuliko kwa njia nyingine yoyote. Jina, namba ya simu, jina la ofisi ya basi, unapigiwa mzigo ukishuka. Kwa gunia la viazi kutoka Njombe au nguo za shule, hakuna inayolishinda kwa wepesi. Kwa Iringa kumbuka stendi kuu sasa iko Igumbilo, kwa hiyo ongeza nauli ya kwenda kule chini. Lakini ofisi ya serikali au mahakama haitakuandikia barua kupitia ofisi ya basi, kwa hiyo hii usiihesabu kama anwani. Cheti halisi cha kidato cha nne au cha kuzaliwa usikitume hivyo pia. Lipia EMS, huduma ya haraka ya posta, ina namba ya kufuatilia, na anayepokea anaweka saini.

Sasa wewe uchague lipi

Kama uko ndani ya Mbeya mjini au Iringa mjini na utakuwepo miaka miwili mitatu hata kama unabadilisha vyumba, kodi sanduku lako. Kama unafuata msimu, Mbarali, Chunya, Mufindi, na una laini moja unayoiheshimu, chukua la simu. Kama laini zako hazidumu na pesa ya ada hakuna, azima sanduku, lakini la taasisi isiyofunga likizo: usharika au zahanati kuliko shule. Njia yoyote utakayoshika, mtaa ukujue.

Fomu yenye mistari miwili, "anwani ya kudumu" na "anwani ya sasa", huwatia watu aibu. Ya kudumu andika kijiji cha kwenu ikiwa yupo hata mmoja wa kuulizwa akasema ndiyo, ni mtoto wetu. Kama kule hakuna tena anayekujua, usitunge. Andika ileile ya sasa mistari yote miwili, na umweleze anayepokea fomu. Nimeona zikipokelewa. Kilichoandikwa kwa kubuni ndicho kinacholeta matatizo, kwa sababu siku ya kuhakiki unaulizwa jina la mtendaji wa huko na huna.

Na ukihama, lipa sanduku la zamani mwaka mmoja zaidi. Ofisi ulizoziandikia hazibadilishi kumbukumbu kwa haraka, nawe utapeleka barua za kubadilisha anwani moja baada ya nyingine: benki, mfuko wa hifadhi ya jamii, chuo, mahakama kama una shauri. Waandikie kwa majina matatu yale yaliyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba ya zamani juu, mpya chini, sahihi, tarehe. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Yule mjane tulimjazia hivi. Anwani ya barua: sanduku la usharika wake, kwa muda, baada ya kumpigia mchungaji palepale mezani na kukubaliwa. Makazi ya sasa: namba ya kibao cha nyumba ya wifi yake, njia, postikodi inayoanza na 53. Kisha tukaenda wote ofisi ya mtaa kabla haijafungwa, yeye na picha mbili za pasipoti ndani ya kitenge, mimi nimeshika fomu. Mtendaji alimuuliza nani anamfahamu. Wifi yake alikuwa amekaa nje kwenye benchi, akaitwa.